Kura za Lamu: yasemwayo Mkunguni na yaliyomo sandukuni

Mwaka wa uchaguzi, ukikaa Mkunguni mbele ya ngome, kikombe cha kahawa hakijapoa ushaambiwa nani atashinda, kwa kura ngapi, na ukoo gani "umeshamalizana" naye. Nimekaa pale sana. Nimewahi pia kukesha kituoni nikiwa wakala, na nilichokiona kikimwagwa mezani hakikufanana na nilichosikia barazani.

"Lamu ni Pwani, na Pwani ni ya Raila." Wachambuzi wa Nairobi waliipenda hii. Nusu yake ni kweli: mwaka 2022 Raila Odinga aliongoza hapa katika kura za urais, kama alivyoongoza Pwani nzima. Lakini tazama wapiga kura haohao, siku ileile, walizifanya nini karatasi nyingine. Ugavana walimpa Issa Timamy wa ANC, chama kilichokuwa upande wa William Ruto, mpinzani wa Raila. Useneta ukaenda Jubilee, na viti viwili vya ubunge pia Jubilee. Mwakilishi wa wanawake akawa Muthoni Marubu, mgombea huru. Wanasiasa hutuomba "suti", yaani vipande vyote sita vya kitambaa kimoja. Sisi tulivaa kanzu, koti la mtu na makubadhi ya kuazima.

Ndiyo maana sikubali pia kwamba chama ndicho kinachompa mtu ugavana. Timamy alishinda 2013 kwa UDF, akaangushwa 2017 na Fahim Twaha wa Jubilee, naye Twaha akashindwa kutetea kiti 2022, Timamy akarudi na chama kingine. Muulize mtu wa Langoni UDF ilikuwa na alama gani, hakumbuki. Anakumbuka nani alikuja mazikoni kwa babake na nani alimnyima mwanawe basari.

Wageni hudhani kura za Lamu ni za mji wa Lamu, huu wa vichochoro na punda. Kaunti ina wadi kumi, na mji mkongwe umo katika wadi za Shella na Mkomani tu. Witu, Hindi, Mkunumbi, Hongwe na Bahari ziko bara. Faza, Kiunga na Basuba ziko Lamu Mashariki. Mkulima wa Mpeketoni, ambaye wazee wake walihamia katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970, anakuuliza hati ya shamba. Mvuvi wa Kizingitini anakuuliza fidia ya bandari ya Lamu, ile shilingi bilioni 1.76 ambayo Mahakama Kuu iliamuru 2018 walipwe wavuvi wapatao 4,600. Kabila halikosi kutajwa, nitakuwa mwongo nikikataa. Ila hakuna jamii hapa inayoweza kumweka gavana peke yake, ndipo utaona mgombea wa visiwani akivuka hadi Mokowe, bara, kutafuta mgombea mwenza.

"Kura zetu ni chache, hazina maana." Chache ni kweli: mwaka 2022 Lamu ilikuwa na wapiga kura 81,453, idadi ndogo kuliko kaunti zote 47, na Nairobi ilikuwa na 2,415,310. Lakini Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na juu ya hapo asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Katika hesabu hiyo ya pili Lamu ni kaunti moja na Nairobi ni kaunti moja. Seneti vilevile: wao wana seneta mmoja wa kuchaguliwa, na sisi mmoja.

Hofu ya "watajua nimempigia nani" ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kuna wanaoitumia. Bibi mmoja jirani yetu alipewa leso na mtu wa kampeni, akaambiwa kura yake "itaonekana". Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hawatayua, mwanangu?" Hawatajua. Karatasi haiandikwi jina, na asiyeona vizuri anaingia na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, ambaye hula kiapo cha kutunza siri. Bibi aliingia na mjukuu wake. Leso aliivaa siku hiyohiyo, na kura yake hatuijui hadi leo.

Halafu kuna ile ya kura kuibiwa baharini, masanduku yakiwa ndani ya boti. Hapa watu husahau kwamba kuhesabu hufanyika kituoni kwenyewe. Sanduku linapopakiwa, fomu 34A ya urais na 37A ya ugavana zimeshajazwa, mawakala wametia saini na kupewa nakala, na nyingine imebandikwa mlangoni. Mwaka 2022 picha za 34A ziliwekwa pia mtandaoni, kila mtu azione. Anayetaka kuchezea namba katikati ya maji itambidi kwanza azifute kwenye simu za watu.

Usiku wangu ule tulimaliza karibu na alfajiri, maji yamekupwa, boti imelala matopeni ikingoja yajae. Fomu tuliibandika kwa gundi ya wanafunzi. Siku ya tatu punda aliitafuna pembe ya chini, ikabaki safu ya juu na nusu ya saini yangu. Kinyozi wa mtaa alikuwa na picha yake nzima.