Mtandao Ukigoma, Uliza ni Tabaka Gani

Mwalimu mmoja wa Tororo alituletea kompyuta yake chuoni. "Mtandao umekufa," akasema. Tukachomeka kebo, taa ikawaka kijani. Anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni, ilikuwepo. Tukapiga pingi (ujumbe mfupi wa kujaribu njia) kwa 8.8.8.8, seva ya Google, majibu yakarudi yote. Lakini kila jina la tovuti aliloandika liligoma kufunguka. Kumbe mtandao ulikuwa mzima. Kilicholala ni DNS, huduma ya tabaka la juu inayogeuza majina kuwa anwani za namba. Tukarekebisha mpangilio mmoja tu, akaenda zake.

Tuliweza kuliona tatizo upesi kwa sababu kazi ya mawasiliano imegawanywa kwa matabaka, kila moja na wajibu wake. Tuseme unatuma barua pepe kutoka Kampala kwenda London. Programu inaandaa ujumbe. TCP inaukata vipande na kuvipa namba, ili kikipotea kimoja kitumwe tena. IP inabandika anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Chini kabisa, Etaneti (mtandao wa kebo) au Wi-Fi inakifikisha kila kipande kwenye kifaa cha jirani, basi. Fremu (bahasha ya kusafirishia kipande) ya kawaida ya Etaneti hubeba baiti 1,500; vichwa vya IP na TCP, yaani maelezo yanayotangulia ujumbe, huchukua 40 kwa uchache, hivyo ujumbe wenyewe hubakiwa na 1,460.

Uganda haina pwani, kwa hiyo pakiti nyingi (vipande vilivyobandikwa anwani) za ng'ambo hushuka kwa faiba hadi Mombasa ndipo zizame baharini. Kila ruta njiani, kifaa kinachoelekeza pakiti, huivua pakiti fremu iliyokuja nayo na kuivika nyingine, huku anwani ya IP ya mpokeaji ikibaki vilevile. Ndiyo maana unaweza kuhama kutoka kebo kwenda Wi-Fi bila kubadilisha kivinjari.

Wanafunzi wetu hukariri matabaka saba ya OSI, mfumo wa kueleza mawasiliano ya kompyuta uliochapishwa na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 1984. Ni ramani nzuri ya kufundishia, ila intaneti yenyewe huendeshwa kwa TCP/IP, ambayo kwa kawaida huelezwa kwa matabaka manne. Mimi humthamini zaidi anayejua kuanzia chini akitafuta hitilafu.

Ukitupigia simu, basi, tuambie kwanza kama taa ya kebo inawaka. Kisha tusomee anwani ya IP: ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe, na hapo hakuna haja ya kuhangaika na kivinjari.