Pikap imefungwa, ufunguo umepotea, na barabara inateremka

Watu hunipigia simu wakisema, "Fundi, njoo unifungulie gari." Mlango ndio unaowaumiza kichwa. Mimi nikishasikia ni pikap, nauliza jambo moja tu: pua inatazama juu au chini? Anayeijua Bukavu, mji wetu wa vilima kando ya ziwa Kivu, hashangai. Kadutu, Muhungu, Nguba, huku kwetu kupata mahali tambarare pa kuegesha ni bahati. Na pikap yenye karibu tani mbili, iliyolala kwenye mteremko, ukiigusa vibaya haingoji umalize kazi.

Mlango sitauzungumza sana. Ninavyoufungua siandiki hapa. Mwenye gari ataniita, na asiye mwenye gari sina la kumfundisha. Ni kazi ya dakika chache, ila kabla yake nataka kuona karti rozi, yaani karatasi ya usajili wa gari, kitambulisho chenye jina lile lile, na namba ya chasi iliyopigwa kwenye fremu ilingane na ya kwenye karatasi. Nataka pia shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wako, au jirani anayekufahamu awe amesimama pale. Wengine hukasirika. Wakasirike. Neno moja tu: usivunje kile kioo kidogo cha pembeni ukidhani ndicho cha bei rahisi. Mara nyingi ni kigumu kukipata kuliko kile kikubwa. Kama kuna mtoto amefungiwa ndani juani, hapo usiniite kabisa. Vunja kioo kilicho mbali naye, basi.

Sasa kuisogeza, maana bila ufunguo haiwaki na lazima ifike garaji. Pikap ya manueli haina shida kubwa: ukishaingia, kwa magari mengi unaitoa vitesi, yaani gia, kwa mkono hata bila ufunguo. Land Cruiser za zamani zina hata vile vifundo kwenye magurudumu ya mbele, unavizungusha kwa vidole mpaka FREE, na magurudumu yanaachana na mitambo. Otomatiki ndiyo yenye kiburi. Ukitoa ufunguo, mkono wa vitesi unabaki umefungwa kwenye P, pale pa kuegesha. Watengenezaji waliliona hilo, ndiyo maana kwenye Hilux na nyingi nyingine kuna kitufe kidogo karibu na mkono huo cha kuuachia, na kitabu cha gari kinakieleza. Lakini kufika N, pale pasipo na gia, siyo mwisho wa safari. Pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya nyuma yanaviringika barabarani, vyuma vya ndani vinasagana bila kulainishwa vya kutosha. Utafika garaji umetatua la ufunguo na kuua giaboksi.

Mwaka juzi mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki, alirudi kutoka Idjwi kwa boti. Alipoinama kunawa mikono, ufunguo ukatumbukia ziwani. "Fundi, imeanguka mu maji, nilikuwa naiona ikienda tu," aliniambia. Hilux yake, otomatiki, ilikuwa juu kidogo ya bandari, pua ikitazama ziwa. Na alikuwa ameegesha kwa busara: magurudumu ya mbele ameyapinda kuelekea ukingo wa barabara, ili likiponyoka ligonge ukingo lisiende mbali.

Busara hiyo ndiyo iliyotubana. Bila ufunguo usukani unajifunga, na ulijifunga hivyo hivyo umepinda. Kuna wanaouvunja kwa nguvu; mimi sikubali, maana siku ukijifunga tena wenyewe utakuwa kwenye kona na watu ndani. Tunapovuta gari tunainua upande mmoja, mwingine unaviringika. Kuinua nyuma na kuviringisha magurudumu ya mbele yaliyopinda haiwezekani. Ikabidi tuinue mbele. Basi, magurudumu ya nyuma ndiyo yatakayoviringika, na giaboksi ni otomatiki, kwa hiyo kardani lazima itoke kwanza, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Boliti nne kwenye difu. Kabla ya kuzigusa napiga mstari wa rangi kwenye sahani zote mbili zinapokutana, ili kardani irudi ilivyokuwa. Ikirudi kombo gari linaweza kutetemeka ukiongeza mwendo. Mstari niliupiga. Nililolisahau ni jambo ambalo nilikuwa nimewafundisha vijana mara ngapi sijui: P haishiki magurudumu, inashika kardani. Ukiitoa kardani, umeitoa na P. Kinachobaki ni breki ya mkono, na kebo ya ile ilikuwa imelegea kama kamba ya mbuzi.

Boliti ya nne ilipotoka nilisikia jiwe likisaga matope. Nilikuwa chini, mgongo kwenye maji ya mvua. Kijana wangu akapiga kelele: "Fundi! Iko natembea!" Ilitembea shubiri moja, ikakutana na kabari ya mkaratusi ambayo yeye alikuwa ameipigilia bila kuambiwa, ikasimama. Mimi niliweka jiwe, yeye kabari. Tangu siku hiyo nabeba kabari nne, na kabla mtu hajalala chini ya gari tunalisukuma kwa mabega kwanza tuone kama litacheza.

Kila mara hapo hutokea anayesema tulivute kwa kamba. Usukani haugeuki, breki ni nzito kwa sababu injini haiisaidii, na chini kuna soko. Hapana.

Garajini kazi ilibaki moja. Ufunguo wa siku hizi una chipu kichwani, na koili iliyozunguka tundu la ufunguo inaisoma. Ukichonga chuma peke yake, mlango utafunguka, lakini injini itakataa, au itawaka sekunde mbili na kuzima. Funguo zote zikipotea, kompyuta ya gari lazima ifundishwe upya, na hapo bei inapanda.

Chuma chenyewe kingekuwa rahisi kama mama angekuwa na kile kibati kidogo chenye namba, kinachokuja na funguo gari likiwa jipya. Fundi anachonga kwa kufuata namba hiyo. Kumbe kibati alikuwa nacho. Alikuwa amekitunga kwenye mnyororo mmoja na ufunguo.