Mizinga ya Königsberg: kutoka delta ya Rufiji hadi Lindi

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Wajerumani Königsberg iliishia delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Nahodha Max Looff aliamuru vizibo vya mizinga, yaani vyuma vinavyofunga mtutu kwa nyuma, vitoswe majini ili adui asiitumie. Baadaye Wajerumani wenyewe walivifuata chini ya maji, wakaiopoa mizinga yote 10 na kuipeleka Dar es Salaam kuundiwa magari ya magurudumu ya kuikokotea.

Mtutu wa kila mzinga una kipenyo cha ndani cha milimita 105, na urefu ni mara 40 ya hicho: mita 4.2. Melini ulikaa juu ya nguzo iliyokazwa sitahani, na teke la kila mpigo lilipokewa na chombo kizima. Nchi kavu, mkia wa gari, yaani mguu wake wa nyuma, lazima uchimbiwe ardhini. Ukichimbiwa vibaya gari huruka, na wapigaji huanza kulenga upya. Penye tope magurudumu huzama, maana mtutu peke yake unakaribia tani moja na nusu.

Shida kubwa zaidi ilikuwa risasi. Machi 1916 meli Marie ilipenya vizuizi vya Waingereza ikatia nanga Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, ikiwa na shehena ya risasi hizo na mizinga mingine mifupi. Risasi kamili, kombora na ganda lake la shaba nyeupe, ilikaribia kilo 25, mzigo wa mpagazi mmoja. Risasi 100 ni watu 100 kwa miguu, na chakula chao juu ya vichwa vya wengine. Wapagazi hao wanastahili kutajwa kabla ya fundi yeyote wa mizinga.

Mizinga mifupi ya Marie nayo ni ya milimita 105, na hapo ndipo watu huchanganya. Mtutu wake haufiki mita 2, na hutupa kombora juu likaanguka nyuma ya kilima. Ule wa manowari hufika zaidi ya kilomita 12, ila kombora lake hupita chini chini, kasoro kubwa kwenye vilima vya bonde la mto Lukuledi, huko Lindi. Basi usipime mdomo tu, pima na urefu.

Mapigano ya Mahiwa, kwenye bonde hilo, kati ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba mwaka huo, hakuwa tena na mzinga wowote wa Königsberg. Mitatu imesalia: Mombasa, Jinja na Pretoria.

Ukifukua shambani chuma kizito chenye ncha na pete ya shaba nyekundu karibu na kitako, hilo ni kombora. Kutu haijaliua. Baruti za enzi hizo, hasa asidi ya pikriki, zikigusana na metali kwa miaka mingi huzaa chumvi zinazolipuka kwa kugongwa kidogo. Usiling'oe, usilipime kwenye mizani ya vyuma chakavu. Weka alama mbali nalo, zuia watoto, kisha toa taarifa polisi.