Mwalimu, Ruhusa ya Masomo Hutangulia Ada

Kila dirisha la udahili wa shahada ya umahiri (masters) linapofunguliwa, malalamiko huwa yaleyale. Mwalimu wa shule ya serikali nchini Tanzania amedahiliwa kusomea uongozi wa elimu, amelipa ada, ameanza vipindi, ndipo anaomba ruhusa. Akijibiwa kwamba hayumo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, anaona ameonewa. Hajaonewa. Chuo kinadahili, ruhusa inatoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.

Barua ya maombi iandikwe kwa Mkurugenzi, ipitie kwa mkuu wa shule, kisha kwa Afisa Elimu wa Msingi au Sekondari. Ambatisha barua ya udahili, barua ya kuthibitishwa kazini na maelezo ya muda wa kozi na nani anayelipa. Mkuu wa shule aeleze vipindi vyako vitafundishwa na nani; maombi mengi hukwama hapo, hasa ya walimu wa hisabati na sayansi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kuambiwa "nenda tu, tutarekebisha" si ruhusa, hata kama aliyesema ni bosi wako.

Anayeondoka bila kibali cha maandishi kwa zaidi ya siku tano ni mtoro kazini kwa mujibu wa Kanuni za Utumishi wa Umma. Shauri lake huenda Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC): hupewa hati ya mashtaka, hujitetea kwa maandishi, uchunguzi hufanyika, na adhabu yaweza kuwa kufukuzwa kazi. Kwamba alikuwa darasani chuoni hakufuti kosa.

Wengi hukimbilia masomo huria wakidhani hayahitaji kibali. Ni kweli kozi ya Utawala, Mipango na Sera za Elimu ya Chuo Kikuu Huria humwezesha mwalimu kubaki kituoni. Lakini siku za mitihani na za kukusanya data hutoka kwenye siku za kazi, nazo zinaombewa ruhusa. Pima pia muda wako: shahada ya umahiri ni angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800, juu ya madaftari ya kusahihisha.

Tasnifu ndiyo huchelewesha wengi. Mwalimu hugawa dodoso shuleni kwake kwa sababu wote wanamfahamu. Kufahamika si kibali. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani au halmashauri, ndipo shuleni. Anza hatua hiyo mara tu pendekezo la utafiti linapopitishwa.

Tuelewane pia kuhusu daraja. Ngazi za kuanzia za mshahara wa walimu, zinazoitwa TGTS, zimejengwa juu ya cheti (TGTS B), stashahada (C) na shahada (D). Umahiri haukupandishi wenyewe, wala haukupi ukuu wa shule. Tunawahitaji sana viongozi waliosomea kazi hii, lakini uteuzi una taratibu zake, yakiwemo mafunzo ya ADEM, wakala wa serikali wa uongozi wa elimu ulioko Bagamoyo.

Ukimaliza, ripoti kwa Mkurugenzi kwa maandishi na uwasilishe nakala ya cheti iliyothibitishwa iingie kwenye jalada lako. Kama ulisoma nje ya nchi, anzia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) upate utambuzi wa cheti hicho.