Betri ya Laptopu Haitundikwi Ukutani

Karibu kila anayeniletea laptopu kuukuu ili niigeuze kuwa fremu ya picha ya ukutani hunipa ombi lile lile: "Fundi, betri iache, umeme ukikatika picha ziendelee." Wiki hii nimeombwa tena, na sasa naona heri nijibu kwa maandishi.

Betri ya lithiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye laptopu, hainufaiki kwa kukaa imejaa muda wote. Hilo ndilo linaloichakaza. Seli, yaani kila kipande kinachounda betri, ikijaa hufikia takriban volti 4.2, na kadiri inavyokaa hapo huku ikipata joto, ndivyo majimaji yaliyomo yanavyoharibika kikemikali na kutoa gesi. Laptopu ya mezani hupata hewa, lakini iliyobanwa kati ya ukuta na ubao wa fremu, ikiwaka mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam, haina pa kutolea joto lake. Gesi ikizidi, betri huvimba. Kwa kawaida mtu hushtuka anapoona tachipadi, ile sehemu ya kusogezea mshale kwa kidole, imeinuka upande mmoja au inakataa kubonyea, ila kwenye fremu sehemu hiyo imefichwa nyuma, na mwenye nyumba hana habari hadi kioo kianze kusukumwa.

Wapo wanaonijibu kwamba chaji inaweza kuwekewa kikomo cha asilimia 80. Ni kweli kwa laptopu zinazoruhusu, na inasaidia. Maelekezo mengi huishia hapo, lakini mimi nina shaka, kwa sababu kikomo hicho hakiondoi joto, na seli za betri kuukuu huwa zimekwisha kutofautiana, hivyo asilimia inayoonyeshwa haikwambii hali ya seli iliyo mbovu kuliko zote. Kwa hiyo mimi huitoa betri kabisa, na laptopu huendeshwa kwa umeme wa ukutani tu. Laptopu nyingine hupunguza kasi betri ikitolewa, jambo lisilodhuru kazi ya kubadilisha picha. Ile inayokataa kuwaka bila betri, siitundiki.

Yaliyobaki ni mepesi: weka Linux (mfumo endeshi wa bure), zuia mfumo usilale kifuniko kikifungwa, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ruhusu mashine ijiwashe umeme unaporudi, kama kipengele hicho kipo. Kioo cha TN (aina ya skrini iliyo kwenye laptopu nyingi kuukuu) kitundikwe usawa wa macho, kwani ukikitazama kutoka chini rangi huharibika.

Hofu ya haki ni kwamba umeme ukikatika ghafla mafaili yanaweza kuharibika. Dawa yake ni kuuweka mfumo na picha katika hali ya kusomwa tu, ili pasiwe na kinachoandikwa kwenye diski wakati umeme unakatika.