Sitriki Haizuii Juisi ya Mabibo Kuchacha

Kila msimu wa korosho, mabibo yakishajaa chini ya mikorosho kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, ushauri kuhusu sitriki, ile asidi ya ndimu inayouzwa kwa pakiti, ni ule ule: “Tia sitriki ya kutosha, juisi itakaa miezi.” Haikai. Chachu zinazogeuza mabibo kuwa uraka, yaani pombe ya mabibo, hustawi kwenye pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 3 na ya 4 bila shida yoyote. Ukiongeza sitriki bila moto, unachopata ni uraka mkali.

Kazi ya sitriki ni kushusha pH. Chini ya 4.6 bakteria wa botulismu, sumu ya chakula inayoweza kuua, hawaoti, na vijidudu vingi huwa rahisi kuuawa kwa joto. Muuaji ni moto; sitriki inamrahisishia kazi.

Ile hoja ya kwamba sitriki ya ndimu ni ya asili na ya pakiti ni kemikali tuiache. Molekuli ni moja, C6H8O7. Mkemia Scheele aliipata kwenye maji ya limau mwaka 1784. Viwanda vya leo huipata kwa kulisha sukari ukungu uitwao Aspergillus niger. Faida ya pakiti ni kwamba inapimika. Soma tu lebo: ikiandikwa “monohydrate”, sehemu ya uzito ni maji, na gramu 100 zina takriban gramu 91 za asidi yenyewe.

Sasa tuje kwenye kinachowaharibia watu kazi: kupima kwa ulimi. Ulimi hausomi pH. Molekuli ya sitriki ina haidrojeni tatu za kuachia, na haiziachii kwa mkupuo: ya kwanza hutoka kwa wepesi karibu na pH 3.1, ya pili karibu na 4.8, ya tatu karibu na 6.4. Ukitia gramu 1 kwenye lita ya maji matupu, pH hushuka hadi karibu 2.8. Tia gramu 10, mara kumi zaidi, nayo hufika 2.2 tu, ingawa mdomoni hainyweki. Kwenye juisi mambo hugeuka tena, kwa sababu bibo lina asidi zake, hasa ya maliki, na chumvi za potasiamu zinazomeza haidrojeni unazoongeza. Gramu ile ile iliyoshusha maji hadi 2.8 huenda ikaisogeza juisi kidogo tu. Halafu unatia sukari: ukali unapotea mdomoni, pH inabaki karibu pale pale. Kwa hiyo juisi tamu inaweza kuwa salama, na juisi kali ikawa bado iko juu ya 4. Ndiyo maana siamini kichocheo chochote kinachosema “kijiko kimoja kwa ndoo”. Mabibo mekundu na ya njano, yaliyoiva jana na yaliyolala chini siku mbili, hayalingani.

Pima hivi. Yeyusha gramu 100 za sitriki, ongeza maji hadi ifike lita 1. Kila mililita 10 ina gramu 1. Chukua lita moja ya juisi iliyochujwa na kupoa, ongeza mililita 10 kwa bomba la sindano, koroga, pima, rudia hadi pH 3.5. Kisha zidisha kwa lita ulizonazo. Karatasi za pH hukosea kwa nusu namba (0.5) kirahisi, na rangi ya juisi huzipotosha zaidi. Mita iliyosawazishwa kwa bafa (maji maalumu yenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7 ndiyo ya kuaminika. Pasha juisi hadi nyuzi 85, jaza chupa safi za kioo zilizopashwa moto juisi ikiwa bado kwenye joto hilo, funga, zilaze dakika tatu ili juisi ya moto iguse kifuniko.

Sitriki haiondoi ukakasi pia. Ukakasi ni tanini, na asidi huuzidisha mdomoni. Tanini hunaswa kwa jelatini au uji mwepesi wa wanga wa muhogo; acha itulie, chuja, ndipo utie sitriki. Na usichemshie kwenye sufuria ya aluminiamu, asidi inaila. Chuma nacho kikikutana na tanini, juisi inakuwa nyeusi. Tumia chuma cha pua.

Wanaotumia sodiamu benzoeti, dawa ya kuhifadhi vinywaji, wasikilize hapa. Inayofanya kazi ni asidi ya benzoiki inayotokana nayo, ile isiyoachia haidrojeni yake: kwenye pH 4.5 ni kama theluthi moja ya yote, kwenye 3.5 ni zaidi ya asilimia 80. Hapo sitriki inasaidia kweli. Lakini bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini C pamoja na benzoeti, hasa kwenye joto na mwanga, vinaweza kutoa benzini, ambayo husababisha saratani. Kwa juisi ya mabibo mimi sishauri benzoeti kabisa. Moto na kifuniko kinachobana vinatosha. Chupa ikifunguliwa, iwekwe kwenye friji na imalizwe ndani ya siku mbili tatu, hata kama mita ilisoma 3.5.