Presha ya macho: vitamini B3 haijachukua nafasi ya matone yako

Kila Machi, wakati wa Wiki ya Glakoma Duniani (glakoma ndiyo huo ugonjwa wa presha ya macho), foleni ya kliniki yetu hurefuka. Safari hii wamo wagonjwa walioacha dawa za matone wakanunua vidonge vya vitamini B3, baada ya kusoma kwenye makundi ya WhatsApp kwamba tiba ya presha ya macho imepatikana.

Ujumbe huo una chanzo cha kweli. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Maabara ya Jackson, huko Maine, Marekani, ulioongozwa na Pete Williams, wakati huo akiwa mtafiti wa baada ya uzamivu chini ya Simon John. Walitumia panya wa ukoo wa DBA/2J, ambao wakizeeka hupata glakoma bila kuambukizwa wala kuumizwa. Seli za neva za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambazo kwa binadamu nyuzi zake karibu milioni moja huungana kuwa neva inayopeleka picha kwenye ubongo, zilionekana kuishiwa nguvu mapema: NAD, kemikali inayosaidia mitokondria, vile vinu vidogo vya ndani ya seli, kuzalisha nishati, ilipungua kadiri umri ulivyosogea. Panya waliopewa B3 ya aina ya nikotinamaidi, wengi wao neva zilisalimika.

Ni kazi nzuri mno, na sisi wa fani hii tuliifurahia. Lakini ni panya. Majaribio ya mwanzo kwa watu, kama lile la Australia, yalifika gramu 3 kwa siku, tena kwa wagonjwa waliokuwa tayari kwenye matibabu yao ya kawaida. Hakuna aliyeambiwa atupe matone. Dozi kubwa namna hiyo inaweza kudhuru ini, kwa hiyo huhitaji kufuatiliwa na daktari. Wewe unayemeza vya dukani, nani anakufuatilia?

Kwa sasa kinacholinda neva hizo ni kushusha presha ya jicho. (Ile ya kupimwa mkononi ni nyingine kabisa, tumelisema hili mara nyingi.) Na kama matone yanakushinda kwa gharama au kusahau, jibu lipo karibu kuliko Maine. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza (mwanga maalumu unaoelekezwa ndani ya jicho ili kushusha presha) na matone ya timolol: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol kwa asilimia 31. Uliza kuhusu leza, usiulize kuhusu vidonge. Mwenye pumu aseme mapema, kwa sababu timolol huingia kwenye damu na inaweza kumbana kifua.

Sasa utaratibu. Wote walioacha dawa watarudia kipimo cha uwanda wa kuona. Jicho moja hufunikwa, unakazia macho taa ya katikati, unabonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga pembeni. Usiifuate nukta kwa jicho na usibonyeze kwa kubahatisha: mashine hurekodi yote mawili, na karatasi ikitoka na makosa mengi haisomwi, unapangiwa siku nyingine. Halafu kuna wanaotia matone asubuhi ya kliniki tu ili presha isomeke vizuri. Presha itasomeka vizuri, ndiyo, lakini picha ya neva haidanganyiki, na daktari atakuandikia dozi isiyokufaa.

“Mbona naona vizuri tu?” Unaona vizuri mbele. Glakoma huanza kula pembeni, na kilicholiwa hakirudi kwa miwani wala kwa upasuaji.

Njoo na kadi, chupa zote hata zilizokwisha, pamoja na hivyo vidonge. Ndugu zako wa damu waliofikisha miaka 40 waje pia, hata kama hawalalamikii chochote, na wataje namba ya kadi yako pale mapokezi ili mafaili yaunganishwe.